Kodi ya Majengo: Ukadiriaji, Pingamizi na Rufani

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo watahiniwa wengi wanapoanza kupotea. Katika Kiswahili tunaliita "kodi" jambo zaidi ya moja. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi kila mwezi. Hayo ni malipo ya kupanga, na fedha hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwenye kiwanja chenye hati huilipa Serikali kodi ya pango la ardhi kila mwaka, kwa kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, kama Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inavyoeleza. Kisha ipo kodi ya majengo. Hii haitozwi juu ya ardhi wala juu ya pesa ya pango. Inatozwa juu ya jengo lililosimama kwenye ardhi hiyo, na mwenye wajibu wa kuilipa ni mmiliki wa jengo. Swali likitaja kodi ya majengo nawe ukaeleza habari za mpangaji na mwenye nyumba wake, utajaza ukurasa mzima usipate hata alama moja.

Msingi wa kisheria unafaa kukaririwa kwa sababu unaulizwa mara kwa mara. Ibara ya 138 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza kutoza kodi yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu ambaye haki na wajibu wake unaamuliwa na mahakama au chombo kingine haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Weka ibara hizi mbili pamoja utaona picha nzima ya mada hii: ya kwanza inasema nani anaweza kukutoza, ya pili inasema utafanya nini ukiona umetozwa isivyostahili. Sheria mahususi ya kodi ya majengo mijini ilitungwa mwaka 1983, mara baada ya serikali za mitaa, zilizokuwa zimefutwa mwaka 1972, kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982. Halmashauri zilizofufuliwa zilihitaji chanzo cha mapato ambacho hakihamishiki. Mfanyabiashara anaweza kuhamisha duka lake kwenda mji mwingine, lakini nyumba haihami.

Jinsi kodi inavyokadiriwa

Kodi ya majengo inayotozwa kwa thamani ina sehemu mbili, nazo huzidishwa. Sehemu ya kwanza ni thamani ya jengo. Ya pili ni kiwango cha kodi, yaani asilimia fulani ya thamani hiyo. Kodi ni zao la viwili hivyo. Hesabu hii ni ya darasa la sita, lakini ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata, kwa sababu sehemu hizi mbili huamuliwa na watu tofauti. Thamani hupangwa na mthamini, ambaye ni mtaalamu. Kiwango hupangwa na wanasiasa: Bunge au baraza la madiwani, kutegemea sheria ya nchi.

Mthamini hupataje thamani? Njia ya kwanza ni bei ya soko, yaani jengo hilo lingeuzwa kwa kiasi gani kati ya muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa. Hutazama nyumba za aina hiyo zilizouzwa karibuni katika eneo hilo. Pale ambapo nyumba haziuzwi mara kwa mara, au bei zinazoandikwa kwenye mikataba haziaminiki, hutumia njia ya pili: gharama ya kulijenga upya jengo hilo, kisha anatoa kiasi fulani kwa ajili ya uchakavu. Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inayosimamia taaluma hii, chini ya Mthamini Mkuu wa Serikali. Matokeo ya kazi ya mthamini huandikwa katika daftari la uthamini, ambalo huonyesha kila jengo, mmiliki wake na thamani yake. Daftari hili ni hati ya umma. Kama lingekuwa siri, haki ya kupinga isingekuwa na maana yoyote.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mjane mmoja ana nyumba ya chini, kuta za tofali na paa la bati. Kwenye daftari imeandikwa kuwa nyumba ina mita za mraba 120. Gharama ya kujenga imekadiriwa kuwa shilingi 500,000 kwa kila mita ya mraba, uchakavu asilimia 20, na tuseme kiwango cha kodi ni asilimia 0.15.

Gharama ya kujenga upya ni 120 × 500,000 = shilingi 60,000,000. Ukitoa uchakavu wa asilimia 20, yaani shilingi 12,000,000, unabaki na 48,000,000. Asilimia 0.15 ya kiasi hicho ni shilingi 72,000 kwa mwaka.

Mwanawe, aliye kidato cha nne, anachukua futi kamba na kupima. Nyumba ina mita za mraba 84. Aliyepima awali alijumuisha banda la kuku na ukumbi wa nje usio na kuta. Rudia hesabu: 84 × 500,000 = 42,000,000; toa asilimia 20, unabaki na 33,600,000; asilimia 0.15 yake ni shilingi 50,400. Tofauti ni shilingi 21,600 kila mwaka, na itaendelea kulipwa miaka yote daftari litakapokuwa likitumika. Kwa mama anayeuza vitumbua, hicho si kiasi cha kupuuza. Angalia pia kwamba mjane huyu hakuhitaji kujua lolote kuhusu soko la nyumba ili kushinda. Alihitaji kipimo sahihi tu.

Pingamizi hujengwa juu ya nini

Hapa ndipo wengi hukosea, mtihani na hata maishani. Mtu akipokea ankara ya kodi na kuiona kubwa, huandika barua akisema hana fedha, au barabara ya mtaani kwake haijawekwa lami, au kodi za nchi hii zimezidi. Huenda yote hayo ni kweli. Hakuna hata moja linaloweza kubadilisha thamani iliyoandikwa kwenye daftari. Afisa anayesikiliza pingamizi ana mamlaka juu ya thamani ya jengo hilo na taarifa zake. Hana mamlaka juu ya kiwango cha asilimia wala juu ya lami.

Hoja zinazosikilizwa ni chache. Moja ni kosa la taarifa: ukubwa, idadi ya sakafu, aina ya ujenzi, matumizi ya jengo, au jina la mmiliki. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa sababu inathibitishwa kwa futi kamba, picha au ramani ya jengo. Nyingine ni kwamba taarifa ni sahihi lakini thamani imezidi, na hapa mlalamikaji anahitaji ushahidi wa mauzo ya nyumba zinazofanana, au ripoti ya mthamini mwingine aliyesajiliwa. Ya tatu ni ukosefu wa usawa: nyumba zinazofanana na yako katika mtaa huohuo zimewekewa thamani ndogo zaidi. Ya mwisho ni kwamba jengo halikupaswa kutozwa kabisa kwa kuwa sheria imelisamehe. Nyumba ya ibada isiyotumika kibiashara husamehewa, na vilevile nyumba za udongo, nyasi au tembe. Nyumba anayoishi mmiliki mwenye umri wa miaka 60 au zaidi pia husamehewa, na kama anazo nyingi, msamaha ni kwa moja tu. Msamaha wa namna hiyo unamhusu pia mtu mwenye ulemavu asiye na kipato.

Malalamiko mengine yana mlango wake. Kama kiwango ni kikubwa, mweleze diwani wako au mbunge wako. Kama fedha za kodi hazionekani kwenye huduma, uliza katika mkutano wa mtaa mapato na matumizi yasomwe. Mtahiniwa anayeweza kutenganisha milango hii miwili, wa kitaalamu na wa kisiasa, ameelewa mada.

Mfano wa Nairobi

Ili kuona utaratibu huu ukifanya kazi, tuvuke mpaka kwenda Kenya. Huko Ibara ya 209 ya Katiba ya mwaka 2010 inazipa serikali za kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Nairobi haikutoza jengo bali ardhi peke yake, kwa thamani yake kana kwamba haina kitu juu yake. Kwa hiyo viwanja viwili vinavyolingana, kimoja kina ghorofa 12 na kingine kina magugu, vililipa sawa. Wanaoutetea mfumo huo husema unamwadhibu anayeacha kiwanja kitupu katikati ya jiji akingoja bei ipande. Wanaoupinga husema unampendelea mwenye ghorofa. Hoja zote mbili zinakubalika katika insha, ili mradi utoe sababu.

Tatizo kubwa la Nairobi lilikuwa umri wa orodha yake ya uthamini. Jiji lilitumia thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takribani miaka 40. Bei za ardhi zilipanda mara nyingi sana katika muda huo, lakini orodha haikusogea. Ili kupata mapato, mamlaka zilipandisha kiwango badala ya thamani, hadi kikafika asilimia 34 ya thamani hiyo ya zamani. Orodha mpya ilipotayarishwa mwaka 2019, kiwango kilichopendekezwa kilishuka hadi asilimia 0.115.

Je, kodi ilishuka? Usikimbilie jibu. Tuseme kiwanja kilikuwa na thamani ya shilingi za Kenya 200,000 katika orodha ya zamani. Asilimia 34 yake ni 68,000. Tuseme katika orodha mpya kiwanja hichohicho kina thamani ya 60,000,000. Asilimia 0.115 yake ni 69,000. Kiwango kimeshuka karibu mara 300, na kodi imepanda kidogo. Kiwanja kilicho katika mtaa ambao bei zake zilipanda zaidi ya wastani kitalipa zaidi kwa mbali. Kilicho katika mtaa uliodorora kitalipa pungufu. Uthamini mpya kwa kawaida hauongezi tu mapato, bali hugawa upya mzigo kati ya walipakodi, na ndiyo maana kila mara unapofanyika hufuatwa na mafuriko ya pingamizi.

Chini ya sheria ya uthamini iliyotumika wakati huo, rasimu ya orodha ilipotangazwa, mtu alikuwa na siku 28 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Aliweza kupinga thamani ya mali yake. Aliweza pia kulalamika kwamba mali fulani imeachwa nje ya orodha, jambo ambalo wanafunzi hushangaa kulisikia. Lakini lina mantiki: jirani akiachwa nje, mzigo wake unaangukia waliomo. Pingamizi zilisikilizwa na mahakama maalumu ya uthamini, na asiyeridhika alikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2024 Kenya ilitunga sheria mpya ya kitaifa ya kodi ya mali inayochukua nafasi ya zile za zamani na kuunda baraza la kitaifa la kusikiliza migogoro hii.

Tanzania na kiwango mfuto

Tanzania ilichukua njia nyingine. Sheria ya mwaka 1983 ilitaka majengo yathaminiwe, na iliweka mabaraza ya kusikiliza pingamizi za uthamini. Lakini kuthamini kila nyumba ni kazi ghali. Wathamini ni wachache, miji inakua haraka, na nyumba nyingi zimejengwa katika maeneo yasiyopimwa. Halmashauri nyingi zilikuwa na madaftari yaliyogusa sehemu ndogo tu ya majengo yaliyokuwepo. Ukusanyaji nao ulihama mikono zaidi ya mara moja: Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilianza kukusanya katika manispaa za Dar es Salaam mwaka 2008, kazi ikarudi kwa halmashauri mwaka 2014, na mwaka 2016 TRA ikapewa tena, safari hii kwa eneo kubwa zaidi.

Kisha Sheria za Fedha za miaka ya 2017 na 2018 zikaleta kiwango mfuto, yaani kiasi kimoja kwa kila jengo la aina moja bila kujali thamani: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida na 50,000 kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mijini. Mwaka 2021 malipo yaliunganishwa na ununuzi wa umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Asiyenunua umeme kwa miezi miwili hukuta deni la miezi miwili siku atakayonunua.

Faida yake ni dhahiri. Hakuna gharama ya uthamini, hakuna afisa anayeweza kupunguza thamani kwa kupewa chochote, na mlipaji anajua mapema atalipa kiasi gani. Hasara yake nayo iko wazi ukiitazama kwa karibu. Nyumba ya vyumba viwili Mbagala na nyumba ya kifahari ya chini Masaki, yenye bustani na bwawa la kuogelea, zote ni nyumba za kawaida. Zinalipa sawa. Wanaosoma Historia watakumbuka kodi ya kibanda ya wakoloni wa Kijerumani, ambayo vijijini ilitoza kila kibanda kiasi kilekile; madhumuni yalikuwa tofauti, maana ile ililenga pia kuwasukuma watu kwenye kazi za ujira, lakini hesabu yake ilikuwa ya namna moja. Kwa maoni ya mwandishi, kiwango mfuto kinafaa kama daraja wakati nchi inajenga kumbukumbu za majengo yake, ila hakifai kuwa mwisho wa safari.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: thamani ilipoondoka, sehemu kubwa ya pingamizi iliondoka nayo. Mtu hawezi kupinga thamani ambayo haikukadiriwa. Kilichobaki ni kupinga taarifa. Nyumba yangu ni ya chini, kwa nini nakatwa kama ya ghorofa? Nina mita mbili kwenye nyumba moja, kwa nini kila mita inakatwa? Mmiliki ana miaka 71 na anaishi humo, kwa nini hajasamehewa? Masuala haya hupelekwa ofisi ya TRA, mlalamikaji akiwa na namba za mita, kitambulisho na uthibitisho wa makazi.

Lipo pia suala la mpangaji. Mwenye wajibu wa kulipa ni mmiliki, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na makato hayamuulizi yeye ni nani. Utaratibu ulipoanza, msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba mpangaji arejeshewe na mwenye nyumba, kwa mfano kwa kupunguziwa pango. Kwa shilingi 1,500 kwa mwezi ni 18,000 kwa mwaka. Mpangaji mwenye busara hutunza risiti za LUKU na kuliweka jambo hilo kwenye mkataba kabla ya kuhamia.

Kwa migogoro ya kodi zinazosimamiwa na TRA kwa ujumla, ngazi zake ni hizi, na mpangilio wake huulizwa. Mlipakodi hupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30 tangu apokee makadirio. Anatakiwa kulipa kwanza kiasi asichokibishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Asiporidhika na uamuzi, hukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Kutoka hapo huenda Baraza la Rufani za Kodi. Na mwisho Mahakama ya Rufani ya Tanzania, ambayo husikiliza hoja za kisheria tu. Usiandike "Mahakama ya Mwanzo" hapa. Kosa hilo ni la kawaida sana.

Maswali ya mazoezi

1. Jengo lina mita za mraba 200. Gharama ya ujenzi ni shilingi 600,000 kwa mita ya mraba, uchakavu ni asilimia 25 na kiwango cha kodi ni asilimia 0.2. Kokotoa kodi ya mwaka. (Jibu: shilingi 180,000.)

2. Mlipakodi ameandika katika pingamizi lake: "Nyumba yangu imeandikwa ina sakafu tatu lakini ina mbili, tena mtaani kwetu taka hazizolewi, na mshahara wangu ni mdogo." Bainisha ni hoja ipi itasikilizwa na mamlaka ya kodi, kisha eleza kila moja ya zile nyingine mbili ipelekwe wapi.

3. Halmashauri imetangaza kupunguza kiwango cha kodi ya majengo kutoka asilimia 0.3 hadi asilimia 0.2 siku ileile inapotangaza daftari jipya la uthamini. Mkazi mmoja anashangilia. Ni taarifa gani anayopaswa kuitafuta kabla ya kushangilia, na ataipata wapi?